Kopo la asidi amino au kisado cha dagaa?

SWALI: "Mama yetu ana miaka 72, tunaishi naye hapa Ujiji. Tangu mwaka jana anasahau sana. Funguo anaziweka kwenye kapu la mkaa, na habari moja anaweza kuirudia mara tatu jioni ileile. Amepungua pia, juzi mizani ya zahanati ilisoma kilo 52. Meno yamebaki machache, kwa hiyo anachagua vilaini: asubuhi chai ya rangi na maandazi mawili, mchana na usiku ugali wa muhogo na mchuzi. Ana presha na anameza dawa. Sasa kuna kijana anauza kopo la unga wa asidi amino, anasema Wajapani wamegundua kwamba unakinga ubongo usizeeke. Bei yake inakaribia matumizi ya nyumba ya wiki mbili. Tununue?"

JIBU: Msinunue, angalau si sasa. Asidi amino ni vipande vidogo vinavyojenga protini, na huyo kijana hakutunga yote anayosema. Kuna kweli ndani yake, ila ameiuza nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo inayomhusu mama.

Mwezi Oktoba 2021, watafiti wa taasisi ya taifa ya Japani iitwayo QST pamoja na kampuni ya Ajinomoto walichapisha kazi yao katika jarida la Science Advances. Walitumia panya waliobadilishwa vinasaba ili ubongo wao ujae protini iliyoharibika iitwayo tau, ileile inayoganda ndani ya seli za ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Panya hao walipolishwa chakula chenye protini kidogo, ubongo wao ulinyauka haraka zaidi. Wengine walipewa chakula hichohicho duni, wakaongezewa asidi amino saba: leusini, isoleusini, valini, lisini, fenilalanini, histidini na triptofani. Kwa hao, seli chache zaidi zilikufa, na ule mchochota unaowaka chinichini ndani ya ubongo ukapungua.

Rudi kwenye maneno "chakula chenye protini kidogo". Jaribio lile lilihusu upungufu, na dawa yake ilikuwa kurudisha kilichokosekana. Halikuonyesha kwamba anayekula vizuri akiongezewa kopo anajenga ukuta wa pili dhidi ya uzee.

Kwa binadamu, jaribio linalokaribia hili lilifanyika Japani na kuchapishwa mwaka 2020. Watu 105 wenye umri wa miaka 55 na kuendelea walipewa asidi zilezile saba kwa wiki 12: wengine gramu 6 kwa siku, wengine gramu 3, wengine unga usio na kitu. Waliopata gramu 6 walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya umakini na vya wepesi wa akili kuhama kutoka jambo moja kwenda jingine. Ni habari njema, lakini hawakuwa wagonjwa wa kusahau, na wiki 12 hazitoshi kuonyesha nani atapata demensia (kumbukumbu na akili kupotea kwa maradhi) na nani hatapata. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2018, uliounganisha makundi manane yenye zaidi ya watu 22,000, ulikuta kwamba waliokuwa na leusini, isoleusini na valini nyingi zaidi kwenye damu walipata demensia kwa uchache baadaye. Hapo pia pana mtego: ugonjwa huanza kimyakimya miaka mingi kabla ya dalili, na mtu hupoteza hamu ya kula na uzito mapema. Upungufu kwenye damu unaweza kuwa kivuli cha ugonjwa, usiwe chanzo chake.

Tuangalie sasa zinafanya nini kichwani. Mwili unahitaji asidi amino tisa ambazo hauwezi kuzitengeneza wenyewe: zile saba, pamoja na methionini na threonini. Triptofani ndiyo malighafi ya serotonini, kemikali inayohusika na usingizi na hisia, yaani furaha au huzuni. Fenilalanini hugeuzwa kuwa tirosini, na kutoka hapo hupatikana dopamini, kemikali nyingine ya ubongo. Leusini na wenzake wawili hutoa naitrojeni ya kutengenezea glutamati, ambayo seli za ubongo huitumia kupeana taarifa na kuweka kumbukumbu. Ila kati ya damu na ubongo kuna ukuta, na asidi hizi kubwa karibu zote hupita kwenye mlango mmoja. Zinagombania kama abiria wa daladala moja. Ukimwaga leusini nyingi peke yake, triptofani inabaki kituoni. Ndiyo maana nina shaka na makopo mengi yanayouzwa mitaani: ni yale ya wanyanyua vyuma, yenye leusini, isoleusini na valini tu. Asidi tatu, wala si saba, na kwa hakika si tisa. Akikuletea, geuza kopo usome upande wa nyuma kabla hujasikiliza maneno ya mbele.

Twende kwenye sahani ya mama. Shirika la Afya Duniani linaweka gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa mtu mzima. Kwa wazee, wataalamu wa lishe wamependekeza tangu mwaka 2013 gramu 1.0 hadi 1.2, kwa sababu misuli ya mzee haiitikii chakula upesi kama ya kijana. Kwa kilo 52, hiyo ni gramu 52 hadi 62 kwa siku. Anapata ngapi sasa? Unga wa muhogo una protini isiyozidi gramu 2 katika kila gramu 100; hata akila gramu 300 kwa siku, hafiki 6. Maandazi mawili, gramu 6 hivi. Mchuzi wenye dagaa wachache waliozama chini, tuseme gramu 6 tena. Jumla haifiki 20. Ni theluthi moja tu ya anachohitaji, na huu ndio upungufu wa wale panya. Mama yuko kwenye kundi linaloweza kufaidika na asidi amino, ila zimo sokoni kwa jina jingine.

Hesabu yenyewe hii hapa. Katika protini ya samaki, zile asidi saba zikijumlishwa ni kama theluthi moja. Gramu 6 za Wajapani zinapatikana kwenye gramu 17 au 18 za protini ya samaki. Dagaa wakavu wana gramu 55 hadi 65 za protini kwa kila gramu 100. Kwa hiyo gramu 30 za dagaa, konzi moja iliyoshiba, zinabeba gramu 6 za asidi hizo pamoja na methionini na threonini ambazo mchanganyiko ule hauna. Uwiano haulingani moja kwa moja na wa kopo, lakini hakuna kinachokosekana.

Msipime kwa macho, wala msimpimie mama gramu kila siku. Pimeni dukani mara moja. Nunueni robo kilo ya dagaa wasafi, mgawe mafungu kumi. Kila fungu ni gramu 25 na ni la siku moja. Robo kilo ya maharage, mafungu matano ya gramu 50. Robo kilo ya karanga, mafungu manane. Kisha siku iende hivi: asubuhi, badala ya chai ya rangi, uji wa dona gramu 50 uliopikwa na fungu la karanga zilizosagwa laini na robo lita ya maziwa. Hapo kuna gramu 19 hivi. Mchana, fungu la maharage yaliyopondwa, na ugali uliochanganywa nusu dona nusu muhogo, gramu 150 za unga, pamoja na mboga ya majani: gramu 20. Usiku, fungu la dagaa na ugali mdogo wa mchanganyiko uleule: gramu 19. Jumla inakaribia 58. Maziwa yakikosekana, yai moja (gramu 6) linaziba sehemu kubwa ya pengo. Samaki mbichi kama mgebuka ana gramu 18 hadi 20 katika kila gramu 100 za nyama. Kwa meno yake, nyama hiyo ichambuliwe miba jikoni, isifike mezani na miba.

Igawanyeni katika milo mitatu, wala si mlo mmoja mkubwa wa usiku. Mwili una ghala la mafuta lakini hauna ghala la asidi amino; zinazozidi huchomwa au hugeuzwa, na asubuhi mtu anaanza upya. Kila mlo ubebe karibu gramu 20 au zaidi.

Kwa nini dona na maharage viende pamoja? Mahindi yana upungufu wa lisini na triptofani, maharage yana lisini tele lakini methionini kidogo. Kila kimoja kinaziba tundu la mwenzake. Maharage ya Kasulu au Kibondo yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kisha yaive hadi yapondeke kwa mwiko. Yaliyoiva nusu yana sumu ya asili inayoharisha, na mzee akiharisha mara mbili tu hataki kuyaona tena. Walioko Tabora, mbali na ziwa, wategemee zaidi karanga, kunde, choroko na mayai. Matobolwa na michembe ni vitamu, lakini kwa hesabu ya protini havitofautiani sana na muhogo.

Dagaa ndipo watu wanapokosea zaidi. Chagua wenye rangi ya fedha, wasio na manjano ya mafuta yaliyochacha, waliokaushwa kwenye chanja. Waliotandazwa mchangani utawajua ukitafuna mmoja tu. Waoshe haraka kwenye maji mawili, wachuje, waanike tena saa moja au mbili. Weka sufuria kavu kwenye moto mdogo, geuza bila kuacha, mpaka dagaa akivunjwa analia "kak". Epua kabla hajawa kahawia. Moto mkali huunguza lisini, ile hasa inayokosekana kwenye ugali: inashikana na vitu vingine na mwili hauwezi kuifungua tena. Halafu twanga na uchekeche. Unga huo uwekwe kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, utumike ndani ya wiki mbili, maana mafuta yake huchacha. Kijiko cha chakula kilichojaa kina gramu 8 hivi, kwa hiyo fungu la siku ni vijiko vitatu. Umwagwe kwenye mchuzi mwishoni, sufuria ikiwa karibu kuepuliwa. Anzeni na kijiko kimoja na limau. Ukimkurupusha mzee kwa vijiko vitatu siku ya kwanza, atakwambia mchuzi unanuka na mjadala utakuwa umekwisha. Wakiwa ni dagaa wa chumvi, walowekeni nusu saa na mmwage maji, kwa ajili ya presha.

Wekeni akiba pia. Mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti kitu na bei inapanda, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Kisado kimoja kikavu ndani ya nyumba ni bima.

Kuhusu mchuzi: protini imo ndani ya samaki na ndani ya punje ya harage, si kwenye maji yake. Mama anayekula mchuzi na kuwaachia wajukuu minofu anakula ladha. Supu ya makongoro nayo, ambayo wengi huwapikia wazee, ina protini ya gundi ambayo haina triptofani kabisa. Anywe akipenda, lakini isihesabiwe kuwa mlo wa protini.

Mawese msiyapunguze kwa kudhani mnamsaidia. Nguvu ikipungua, mwili huchoma asidi amino kama kuni na ubongo haupati kitu. Kwa mtu anayekonda, kijiko kimoja cha mawese kwenye mboga kina kazi.

Muhogo wenyewe unadai kitu. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na mwili huiondoa kwa kutumia salfa inayotoka kwenye methionini na sisteini. Yaani kila ugali wa muhogo usioandaliwa vizuri unakopa asidi amino kwa mtu ambaye tayari hana. Muhogo mchungu ulowekwe siku tatu au zaidi kabla ya kuanikwa. Kama unga mmeununua na hamjui ulivyoandaliwa, kuna njia rahisi: jaza unga kwenye bakuli na uweke alama ulipofika, ongeza maji ukichanganya (utashuka kwanza) mpaka unga uliolowa ufike tena kwenye alama. Utandaze juu ya mkeka, unene usizidi sentimita moja, saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sianidi hupaa na hewa. Upikwe siku hiyohiyo.

Kabla ya yote haya, lakini, figo. Presha ya muda mrefu huzila bila maumivu. Mama apimwe kreatinini kwenye damu (taka ambayo figo huichuja) na protini kwenye mkojo. Ikionekana uwezo wa figo umeshuka chini ya 30 kwa kipimo cha eGFR, mpango huu usimame mpaka daktari atoe kiasi chake, na kopo lisiguswe kabisa. Kama angekuwa anatumia levodopa kwa ugonjwa wa Parkinson, dawa hiyo nayo hupita kwenye mlango uleule wa ubongo. Humezwa nusu saa kabla ya chakula au saa moja baada yake.

Na mkiwa hospitalini, iwe Maweni au kwingine, msiishie kwenye figo. Kamisheni ya jarida la tiba la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya demensia: yamo presha, kisukari, masikio yasiyosikia, macho yasiyoona, moshi, upweke. Protini haimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo mtu wa presha anayeruka dawa siku tatu kwa wiki huku akinywa kopo la asidi amino ameshika mkia na kuacha kichwa. Ombeni sukari, wingi wa damu, kipimo cha VVU na cha kaswende, tezi ya shingo, na vitamini B12 kama inapatikana. Kama anatumia metformini (dawa ya kisukari) kwa miaka mingi, B12 hushuka na kusahau huja. Chukueni dawa zake zote kwenye mfuko mmoja zikaonekane. Za mafua na mzio zinazoleta usingizi, na za usingizi kama diazepamu, hutia ukungu kichwani mwa mzee. Mwulizeni pia kama aliwahi kuanguka akagonga kichwa. Na ikitokea amebadilika ghafla ndani ya siku mbili tatu, hiyo si demensia ya kusubiri kliniki. Inaweza kuwa malaria, nimonia, mkojo wenye maambukizi au ukosefu wa maji, na ni dharura.

Kwa kusahau kwenyewe kuna kipimo kiitwacho IDEA, kilichotengenezwa na kujaribiwa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa kuwafikiria wazee ambao hawakwenda shule. Mzee hutakiwa kukumbuka maneno, kutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na kupanga vijiti vya kiberiti kwa mfano anaoonyeshwa. Hakihitaji kalamu wala kusoma. Mwulizeni daktari au muuguzi kama wanakifahamu. Na majirani wakianza minong'ono ya kurogwa au kuroga, kaeni nao mapema muwaambie ni ugonjwa, kabla maneno hayajamdhuru.

Kopo lina wakati wake: mzee aliyetoka kuugua, asiyeweza kumeza vigumu, au aliyefika mahali akila vijiko vitano anasukuma sahani. Hapo tafuteni lenye asidi amino zote tisa, gramu za kila moja zikiandikwa kwa kila kipimo kimoja cha kunywa, na mfamasia aone orodha ya dawa zake kwanza.

Fuatilieni kwa wiki 12. Mpimeni uzito kila mwezi kwenye mizani ileile. Pimeni mduara wa kigimbi kwa utepe wa fundi cherehani. Ukiwa chini ya sentimita 31, misuli imepungua. Mketisheni kwenye kiti kisicho na mikono, ainuke na kukaa mara tano, mikono imekunjwa kifuani, mtu akiwa karibu asianguke: ikizidi sekunde 15, miguu imedhoofika. Zoezi hilohilo, asubuhi na jioni, ndilo litakalopeleka protini kwenye misuli, kwa sababu misuli isiyofanya kazi haipokei. Uzito ukipanda na sekunde zikipungua, endeleeni, hata kama bado anatafuta funguo. Uzito ukishuka chini ya 50 ilhali mafungu yanaliwa yote, mrudisheni hospitali akapimwe kifua kikuu, tezi na saratani.